Biashara ya mtandao kwenye simu: wamama, tuhesabu kwanza

Hakuna juma linalopita bila habari hii kufika kwenye simu zetu. Unafungua WhatsApp asubuhi, kabla hata ya kuwasha makala, unakuta foto ya dawa ya meno, chupa ya aloe, pakiti za pamba za wanawake, chai ya kupunguza tumbo. Chini yake maneno: «Mama, kuya tukuonyeshe kitu moya. Utatumika ku nyumba, feza itakuya kila juma.» Anayeandika si mgeni. Ni yaya wa kikundi, ni mama tunayecheza naye likelemba, ni shemeji wa Likasi, ni binti tuliyemwona akizaliwa. Ndiyo maana kunyamaza ni vigumu, na kusema hapana ni vigumu zaidi.

Juma hili tuizungumze kazi hiyo wazi. Wengine wanaiita maketingi ya rezo, wengine biashara ya mtandao. Kati yetu kuna wanaoifanya na kupata sabuni ya nyumba na kidogo cha juu. Kuna waliotia feza ya shule ya mtoto na mpaka leo hawajaiambia nyumba yao. Kuna wanaojiuliza kama waingie. Wote watatu wanasoma barua hii, na wote watatu tunawaandikia.

Kwa nini inatuvuta

Maisha ya Lubumbashi tunayajua. Mshahara wa baba ukichelewa, mama ndiye anayeulizwa bukari iko wapi. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipwa, na daftari, viatu na usafiri havingojei mwezi mzuri. Kuweka meza kwenye soko la Kenya au la Ruashi kunataka mtaji, nafasi na ushuru wa kila siku. Kwenda Kasumbalesa kutafuta unga kunataka nauli, nguvu za mwili na mtu wa kubaki na watoto.

Halafu mtu anakuambia: simu unayo, watu unawajua, anza leo. Hilo ni neno tamu kwa mama mwenye mtoto wa miezi sita mgongoni.

Kuna jambo lingine ambalo hatulisemi sana. Katika mikutano ya biashara hizi mama anapigiwa makofi. Anaitwa mbele, anapewa cheo, anaambiwa ana akili ya kuongoza. Wengi wetu hatujapigiwa makofi tangu siku tulipomaliza shule. Kiu hiyo si dhambi. Lakini ni vizuri tujue kwamba makofi hayanunui unga, na kwamba anayetupigia anaweza kuwa na faida yake katika kuingia kwetu.

Namna kazi yenyewe inavyotembea

Kampuni ya namna hii haitegemei maduka mengi. Inauza kwa watu walioandikishwa, nao wanauza kwa majirani na rafiki. Majina kadhaa yamekwisha kuzoeleka Afrika: Forever Living, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1978 na inayojulikana kwa aloe, Oriflame ya Uswidi, ya mwaka 1967, yenye mafuta na manukato, Tiens na Longrich kutoka China. Kila moja ina bei zake na sheria zake, lakini mwendo unafanana.

Mwuzaji ana mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa kuuza: unanunua chupa kwa bei ya mwanachama, unaiuza kwa bei ya juu kidogo, tofauti ni yako. Hiyo ni biashara kama ya mama anayeuza kapenta kwa kopo. Mfuko wa pili ni wa watu: unaandikisha mama mwingine, naye akinunua, kampuni inakuhesabia sehemu ndogo. Yeye akiandikisha wengine, nao wakanunua, unapata tena kidogo. Manunuzi hayo yanahesabiwa kwa pointi, na ili uendelee kulipwa mara nyingi unatakiwa wewe mwenyewe ununue kiasi fulani kila mwezi.

Kwenye simu, mfuko unaotangazwa zaidi ni wa pili. Utaona foto ya gari, ya safari, ya bahasha ya dola. Chupa yenyewe hutaiona, wala bei yake. Hiyo ni alama ya kwanza ya kuangalia, kwa sababu mfuko wa pili hauwezi kujazwa na hewa. Kila dola inayotoka humo ilitoka kwanza katika mkoba wa mama fulani chini ya mstari. Kama mama huyo alinunua sabuni kwa kuwa alitaka sabuni, ni sawa. Kama aliinunua ili tu apate haki ya kuleta wengine, basi hakuna mteja hapo. Kuna watu wanaopitishiana feza zao wenyewe, na wa mwisho anabaki na chupa.

Hesabu ya sita kwa sita

Mara nyingi tunaambiwa: «Wewe lete watu sita tu, nao kila mmoja alete sita.» Sita ni wachache, mtu anaona ni rahisi. Tuchukue kalamu.

Hatua ya kwanza ni watu 6. Ya pili 36. Ya tatu 216. Ya nne 1,296. Ya tano 7,776. Ya sita 46,656. Ya saba 279,936. Ya nane 1,679,616. Ya tisa inapita milioni 10. Hao ni wengi kuliko watu wote wa Lubumbashi, toka Kamalondo mpaka Annexe, hata tukihesabu watoto wachanga na wazee wasioshika simu.

Hesabu hiyo haina hasira na mtu. Inasema tu kwamba mnyororo lazima usimame mahali, na unaposimama, walio wengi wako chini. Katika mnyororo wa sita kwa sita, popote unapokatika, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wako kwenye mstari wa mwisho, wasio na mtu chini yao. Basi ukiambiwa kwamba bidii peke yake inatosha, kumbuka kwamba hata kama mama wote wangekuwa na bidii sawasawa, wengi hao wasingepata watu wa kuandikisha.

Mambo tuliyokwisha kuyaona

Wenye umri kati yetu wanakumbuka jina la Bindo. Mwaka 1991, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, Bindo Promotion ya Kinshasa iliahidi kurudishia watu feza zao zikiwa zimezidi mara nyingi kwa muda mfupi. Feza zilikuwa zinapoteza thamani kila juma, mishahara haikufaa kitu, na watu walitafuta mlango wowote. Wa kwanza walilipwa kweli, na hao ndio waliokuwa tangazo kubwa. Wengine wakafungua nyumba za namna ileile. Walipopungua watu wapya wa kuleta feza, malipo yakasimama, na walioingia mwisho wakabaki na karatasi mkononi. Yote hayo yalikuwa mwaka uleule wa uporaji mkubwa.

Hatukuwa peke yetu. Tanzania, mwaka 2007, ilianza DECI mjini Dar es Salaam, ikiongozwa na wachungaji. Watu waliambiwa «kupanda mbegu» na kungoja mavuno. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Kenya, miaka ileile, nyumba za piramidi zilikuwa mamia. Tume iliyoundwa na serikali ilitoa hesabu mwaka 2009: watu zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Kati yao kulikuwa na vikundi vya wanawake vilivyotia akiba ya kikundi kizima.

Bindo na DECI hazikuwa na sabuni wala chai. Zilizungusha feza tupu. Hiyo ni piramidi, na kampuni yenye bidhaa ya kweli si kitu kimoja nayo. Lakini bidhaa inaweza pia kuwa nguo ya kuvalisha piramidi. Hapo ndipo macho yanahitajika.

Namna ya kutenganisha mbili hizi

Nchini Marekani jambo hili lilifika mbele ya wakuu wa biashara, na mwaka 1979 kampuni ya Amway ilihukumiwa kuwa si piramidi kwa sababu ya sheria tatu ilizokuwa nazo. Ya kwanza: mwuzaji asipate malipo ya mwezi kama hajauza angalau sehemu 70 kwa mia ya bidhaa alizonunua. Ya pili: aonyeshe kwamba aliuzia wateja 10 tofauti katika mwezi. Ya tatu: bidhaa zisizouzwa ziweze kurudishwa na feza irudi. Tuseme kwa Kiswahili chetu: uza kwanza, uza kwa wateja wa kweli, na usibaki na mzigo nyumbani.

Mwaka 2016, kampuni nyingine kubwa, Herbalife, ilikubali kulipa dola milioni 200 nchini Marekani na kubadilisha namna yake ya kulipa wauzaji, ili malipo yafuate bidhaa zilizofika kwa wateja wa kweli. Na mwaka 2018, uchunguzi uliofanywa na shirika la AARP juu ya Wamarekani waliowahi kufanya kazi hii ulionyesha hivi: karibu nusu, 47 kwa mia, walipoteza feza, 27 kwa mia hawakupata wala kupoteza, robo tu walipata faida, na wengi wao faida ndogo. Hiyo ni nchi yenye umeme, barabara na posta inayofika mlangoni.

Basi, mama akikuitia biashara, muulize maswali haya bila ukali, kama tunavyoulizana bei ya unga:

1. Bidhaa ni gani, na dukani kitu kinachofanana nacho kinauzwa bei gani?
2. Ningekuwa sipati pointi, ningeinunua?
3. Kila mwezi nanunua kwa lazima kiasi gani?
4. Nikishindwa kuuza, bidhaa narudisha wapi hapa Lubumbashi, kwa muda gani, na nani ananipa feza?
5. Wewe mwezi uliopita uliuzia watu wangapi wasioandikishwa?
6. Baada ya kutoa mega, nauli na mikutano, ulibaki na ngapi?
7. Kampuni ina ofisi hapa na karatasi za serikali? Naweza kuziona?

Anayefanya kazi ya kweli atajibu, hata kama jibu ni dogo. Anayekasirika, au anayekuambia kwamba maswali ni ya watu maskini, amekwisha kukujibu pia.

Mama mmoja, mwezi mmoja

Tufanye mfano. Namba hizi tumeziweka sisi wenyewe ili hesabu ieleweke. Kila mama aweke zake.

Mama ananunua chupa 15 kwa dola 10 kila moja: dola 150. Anaziuza dola 13. Akiziuza zote, anapata dola 195, tofauti ni 45. Kwenye karatasi ya mkutano, hesabu inasimama hapo.

Tuendelee. Mwezi huo ametumia mega dola 5, taksi na moto za kupeleka bidhaa dola 10, mkutano wa mafunzo dola 5, makato ya kutuma na kutoa feza kwenye simu dola 2. Jumla 22. Faida imekuwa dola 23.

Tuendelee tena. Ameuza chupa 12, 3 zimebaki. Ameingiza dola 156. Alitoa 150 za bidhaa na 22 za kazi, jumla 172. Mkononi zimepunguka dola 16, na kabatini kuna chupa 3. Na kama wateja wawili ni majirani waliosema «mama, nitakulipa mwisho wa mwezi», basi dola 26 nyingine ziko njiani, na tunajua njia hiyo ilivyo ndefu. Ili abaki na haki yake ya pointi, mwezi unaofuata anunue tena 15.

Hapo ndipo mama anapochukua feza ya likelemba. Hakukusudia ubaya. Anajisemea atairudisha kabla zamu haijafika. Na likelemba, wamama, ndiyo benki yetu. Wamama 10 wakitoa dola 20 kila mwezi, kila mmoja atapata 200 zake siku yake. Haizalishi kitu, lakini pia haimnyang'anyi mtu. Inasimama juu ya neno moja tu: nikitoa, na wewe utatoa. Mmoja akishindwa mara moja, kikundi cha miaka 8 kinaweza kuvunjika kwa juma moja, na walioketi pamoja wanaanza kupishana barabarani bila salamu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mama anayefanya biashara hii awe na daftari la kurasa mbili. Kulia, kila kilichoingia. Kushoto, kila kilichotoka, hata feza ya maji aliyowanunulia wageni wa mkutano. Na saa pia aziandike. Miezi mitatu ya daftari itamwambia ukweli kuliko mkutano wowote. Kama daftari linaonyesha faida, aendelee kwa moyo mweupe. Kama linaonyesha hasara miezi mitatu mfululizo, kuacha si kushindwa. Mama wa soko akiona nyanya hazitoki, anabadilisha, anauza vitunguu, na hakuna anayemcheka.

Kutangaza kwenye simu bila kupoteza watu

Kwa mama aliyeamua kuuza, au anayeuza tayari, haya ndiyo tunayoyaona yakifaa. Yanafaa pia kwa anayeuza vitenge, keki au sabuni aliyoipika mwenyewe.

Tangaza bidhaa, acha ndoto. Linganisha matangazo mawili. La kwanza: «Umechoka na umaskini? Andika NDIYO, nikubadilishie maisha.» La pili: «Dawa ya meno, tube kubwa, dola 5. Mimi na watoto tunaitumia. Napeleka Kenya, Katuba na Kamalondo siku ya tano. Unalipa ukiipokea.» La kwanza linaleta maswali na mashaka. La pili linaleta mteja. Bei iandikwe. Mama akilazimika kukuuliza bei kwa siri, wengi hawataiuliza.

Piga foto yako mwenyewe. Foto za kampuni ziko kwenye simu elfu moja. Weka chupa mezani pako, karibu na dirisha asubuhi, futa vumbi, piga. Usitumie foto ya gari wala nyumba isiyo yako. Mji huu ni mkubwa, lakini mtaa ni mdogo. Watu wanajua unapanda bisi gani.

Tumia vyombo vya bure. WhatsApp Business inapatikana tangu mwaka 2018 na hailipishwi zaidi ya mega. Ndani yake unaweza kupanga orodha ya bidhaa na bei, kuandika jibu la kupokea wateja ukiwa jikoni, na kuwatia wateja alama: aliyelipa, anayengoja, mwenye deni. Status inakaa saa 24 kisha inatoka; tangazo moja au mawili kwa siku yanatosha. Mama anayeweka foto 20 mfululizo anapitwa bila kutazamwa.

Heshimu vikundi. Kikundi cha darasa la mtoto ni cha darasa. Kikundi cha msiba ni cha msiba. Kutangaza chai ya tumbo chini ya habari ya kifo, hata kwa kusahau, watu hawakusamehe upesi. Fungua kikundi chako cha wateja, na kabla ya kumtia mtu, muulize. Na wewe unayetiwa kila siku bila kuulizwa, kumbuka kwamba katika mipangilio ya WhatsApp unaweza kuchagua nani anaruhusiwa kukutia katika vikundi.

Usiponyeshe watu kwa maneno. Hili ni zito. Chai, unga wa virutubisho na maji ya aloe si dawa ya hospitali. Ukiandika kwamba vinaponyesha sukari, tansio au uvimbe wa tumbo la uzazi, kuna mama atakayeamini kwa sababu ni wewe. Ataacha vidonge vyake. Faida yako ya dola 3 inaweza kuwa msiba wa nyumba nzima. Mteja akikuambia anaumwa, mwambie aende kituo cha afya au Sendwe, na aonyeshe daktari kile anachotaka kunywa.

Usiahidi feza ambayo wewe hujaipata. Ukimwita mwingine aingie, mwonyeshe daftari lako lenyewe. Sema: miezi hii mitatu nilipata hivi, nilitoa hivi. Akiingia baada ya kuona hivyo, hata kazi ikimshinda hatakulaumu. Na kama daftari lako huwezi kulionyesha, usimwite bado.

Linda feza ya simu. Mteja mpya na mama mnunuzi, wote waangalie jina linaloonekana kabla ya kuthibitisha malipo, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Namba ya siri haipewi mtu yeyote, hata anayesema yuko ofisi ya kampuni. Ujumbe wa kusema «feza imefika» uangalie salio lenyewe. Wezi wanajua kuandika ujumbe unaofanana. Usitume feza ya bidhaa kwa mtu usiyemjua kwa sababu tu ana foto nzuri.

Tunavyoweza kujilinda kama kikundi

Vikundi vyetu vina nguvu ambayo mama mmoja hana. Tunatoa mawazo manne ya kuzungumza katika mkutano.

Kwanza, feza ya likelemba na sanduku la msaada zisitiwe katika biashara ya mtandao, hata kama rais wa kikundi ndiye anayeileta. Mama akitaka kuingia, aingie kwa feza yake.

Pili, anayetaka kuonyesha biashara yake mkutanoni apewe dakika 10, siku iliyopangwa, na maswali saba ya juu yasomwe mbele ya wote. Hakuna kuandikishwa siku hiyohiyo. Turudi nyumbani, tulale, tuzungumze na baba watoto au na dada zetu. Biashara nzuri ya leo itakuwa nzuri hata juma lijalo. Inayokukimbiza ina sababu ya kukukimbiza.

Tatu, tusiwavunje moyo waliopoteza. Mama aliyepoteza dola 200 anajua kilichompata kuliko sisi. Tukimcheka, atanyamaza, na kunyamaza kwake kutawaingiza wengine watatu. Akiweza kusema bila aibu, kikundi kizima kinasoma bure kile alichokilipia.

Nne, tujue haki yetu. Kumdanganya mtu ili kuchukua feza yake ni kosa katika sheria ya Kongo: kifungu cha 98 cha Code pénal, sehemu ya pili, kinatoa kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka mitano. Tangu Machi 2023 tuna pia Code du numérique, inayogusa biashara na makosa yanayofanyika kwenye simu na intaneti. Kwa hiyo usifute ujumbe. Tunza maandishi ya WhatsApp, sauti, namba, ujumbe wa malipo, na jina la aliyepokea. Ukiwa na hayo unaweza kwenda polisi au kwa parquet ukiwa na kitu cha kuonyesha. Wakienda wamama watano walioumizwa na mtu mmoja, wanasikilizwa upesi kuliko mmoja.

Kuna swali ambalo wasomaji wanatuuliza: je, mtu amlaumu yaya aliyemwandikisha? Mara nyingi yaya huyo naye aliandikishwa na mtu aliyempenda. Alirudia maneno aliyofundishwa, na chupa zake ziko kabatini pia. Mzungumze mkiwa wawili, si kwenye kikundi. Muulize kama bidhaa zinaweza kurudishwa, na mwende pamoja kuuliza. Kama alijua na akaficha, hapo ni jambo lingine, na wazee wa kikundi waitwe.

Kazi ya juma hili

Kila mama anayeuza chochote kwenye simu, iwe dawa ya meno ya kampuni au maandazi yake mwenyewe, aandike leo namba tatu: nilitoa ngapi mwezi uliopita, niliingiza ngapi, nilibaki na ngapi. Alete karatasi hiyo mkutanoni. Hatutaisoma kwa sauti bila ruhusa yake. Wale wenye faida watuonyeshe walivyofanya, ili wengine wafuate. Wale wenye hasara tuketi nao tuone ni nini kinaweza kuuzwa, kurudishwa au kuachwa kabla ya shule kufunguliwa.

Na yule ambaye bado hajaingia, akipokea ujumbe usiku huu, ajibu kwa upole: «Aksanti, yaya. Nitumie bei ya kitu, na hesabu yako ya miezi mitatu.» Halafu aweke simu chini, alale.